Somo la Sikukuu ya Mavuno: Aliyekosa Mavuno Alete Nini?

Masomo ya kusomwa kwanza: Habakuki 3:17-19, 1 Wathesalonike 5:14-18, 1 Wakorintho 11:23-26.



Katika sharika zetu iko desturi njema ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Siku hiyo watu huja kanisani, huyu na debe la mahindi, huyu na mkungu wa ndizi, huyu na kuku, huyu na gunia la mpunga. Vitu huwekwa mbele ya madhabahu, navyo huombewa. Na ibada ikiisha hunadiwa nje, fedha zikaingia katika kazi ya Bwana. Watoto huipenda siku hiyo kwa ajili ya mnada na kicheko chake. Hata mtu asiyeonekana kanisani miezi mingi, siku hiyo huonekana.

Walakini kila mwaka wako watu ambao kwao siku hiyo ni nzito. Tuchukue mfano wa Chekereni, kwenye tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi. Huko watu hulima mpunga kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Katika miaka ya 1984 hata 1987 ilijengwa mifereji mikubwa kwa msaada wa Japani, na mashamba ya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni yakasawazishwa na kugawanywa kuwa majaruba. Mpunga ukazaa sana. Watu wa sehemu za juu, waliokuwa nje ya mradi, walipoona faida yake, wakaanza nao kulima mpunga kwa maji ya mito ile ile. Ndipo maji yakapunguka, na wale wa chini wakawa hawana budi kungoja zamu, na mashamba mengine yakakaa bila kupandwa.

Sasa tuseme yuko mkulima mmoja huko. Amekopa fedha za mbegu na mbolea. Amekuza miche kitaluni, amewalipa watu wa kupanda, amepalilia kwa mikono yake. Kisha maji yakakatika mpunga ulipokuwa ukichanua. Na kidogo kilichosalia kikaliwa na kweleakwelea. Jumapili ya mavuno imefika. Jirani yake aenda kanisani na gunia kichwani mwa kijana wake. Yeye je, alete nini? Akae nyumbani kwa aibu? Na mwalimu akimkuta njiani, amwambie neno gani?

Swali hili si la wakulima tu. Mama aliyezika mtoto wake mwaka huu aulizwa swali hilo hilo, na mgonjwa asiyepona, na kijana aliyesoma asipate kazi. Wote wamesikia ya kwamba imetupasa kushukuru. Twataka basi kujifunza pamoja jinsi inavyowezekana, bila kusema uongo mbele za Mungu.

I. Maneno matatu yasiyofaa

Kwanza, tusimwambie mwenye dhiki ya kwamba amepatwa kwa ajili ya dhambi yake. Wanafunzi waliuliza hivyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana wetu alikataa hesabu yao (Yohana 9:1-3). Alipotaja mwenyewe habari za watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa tena; alisema ya kuwa hao hawakuwa wakosaji kuliko wengine, akawaita wasikilizaji wenyewe watubu (Luka 13:1-5). Rafiki za Ayubu walikuwa watu wa dini, na maneno yao yalikuwa mazuri kusikia. Hata hivyo mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (Ayubu 42:7). Mwalimu na aogope kuwa mwenzao.

Pili, tusimwambie ya kwamba mwaka jana alitoa kidogo, na kwamba akitoa zaidi atapata zaidi. Neno hili husikika sana siku hizi, nalo linapendeza masikio. Lakini lamfanya Mungu kuwa mwenye duka, na sadaka kuwa bei. Baba yetu wa mbinguni huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45). Mtu ambaye shamba lake li karibu na mlango wa mfereji, akavuna magunia mengi, asidhani ya kuwa yeye ni mtakatifu kuliko yule aliye mwisho wa mfereji. Amekaa karibu na maji, basi. Kwa hiyo ashukuru kwa unyenyekevu.

Tatu, tusimwambie asilie. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua ya kuwa baada ya kitambo kidogo atamfufua (Yohana 11:35). Zaburi ya 13 yaanza kwa kumwuliza Mungu hata lini. Zaburi ya 88 yaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala Kanisa halikuiondoa katika Biblia. Watu wa Mungu wamepewa ruhusa ya kulia mbele zake.

Hata Dr. Martin Luther, ambaye katika Katekisimo ametufundisha kumshukuru Mungu kwa nguo na viatu, kwa chakula na nyumba, alijua kulia. Mwaka 1528 binti yake mdogo Elisabeth alifariki. Mwaka 1542 alifariki Magdalena, mwenye miaka kumi na mitatu, mikononi mwa baba yake. Luther alimwandikia rafiki yake ya kwamba ilimpasa yeye na mkewe kushukuru tu, kwa kuwa mtoto amepumzika. Lakini hawakuweza kufanya hivyo bila machozi na maumivu makuu ya moyo. Shukrani na machozi vilikaa pamoja katika nyumba ya mtu huyo, wala kimoja hakikukifukuza kingine.

II. Mtume Paulo asema nini hasa?

Wengi hujua sana 1 Wathesalonike 5:18, ambapo Paulo awaagiza Wakristo kushukuru. Katika Biblia yetu ya Kiswahili limetumika neno dogo «kwa». Kwa lugha yetu neno hilo laweza kuonyesha sababu, kama vile tunavyomshukuru mtu kwa zawadi yake. Basi wengine wamefahamu ya kuwa yatupasa kumshukuru Mungu kwa kufiwa, kwa njaa, na kwa ugonjwa, kana kwamba hivyo vyote ni zawadi. Lakini katika Kiyunani, lugha aliyoiandikia mtume, neno ni «en», maana yake «katika». Paulo atuita tushukuru katika hali yo yote tuliyo nayo. Yule wa Chekereni haagizwi kushukuru kwa sababu mpunga wake umekauka. Aitwa kuendelea kuwa mtu wa shukrani hata penye shamba lililokauka.

Mtu mwingine atauliza juu ya Waefeso 5:20, ambapo mtume ataja kushukuru kwa mambo yote. Kweli, neno la huko ni jingine. Lakini tusome mstari wote: shukrani hiyo yatolewa katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Jina hilo ni kama ungo. Si kila kitu hupita. Hatuwezi kushukuru kwa ajili ya uovu katika jina lake yeye aliyewaponya wagonjwa, akawalisha wenye njaa, na ambaye kwake mauti huitwa adui (1 Wakorintho 15:26). Lililo adui kwa Kristo tusiliite zawadi. Twaweza kumshukuru Mungu ya kwamba hata jambo hilo halina nguvu ya kututenga na upendo wake, kama tusomavyo katika Warumi 8.

Tena tuangalie utaratibu wa maneno. Kabla ya kuagiza shukrani katika mstari wa 18, mtume aagiza katika mstari wa 14 kwamba waliovunjika moyo watiwe moyo, na walio dhaifu washikwe mkono. Agizo la kwanza ni kazi ya usharika, nalo latangulia. Mwalimu anayeruka mstari wa 14 na kuanza na mstari wa 18 ameianza safari katikati ya njia.

III. Nabii ambaye hakuwa na kitu ghalani

Nabii Habakuki aliishi wakati Wakaldayo walipokuwa tayari kuishukia nchi yake. Kitabu chake chaanza kwa malalamiko: aona dhuluma, alia, wala haoni msaada. Mungu akamjibu, naye akauliza tena. Hata alipofika mwisho wa sura ya tatu, alihesabu kimoja kimoja vitu vitakavyokosekana: matunda ya miti, mazao ya shamba, kondoo zizini, ng'ombe mazizini. Baada ya hesabu hiyo ndipo asema ya kuwa atamfurahia Bwana.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, Habakuki hakusema kwamba hasara ni ndogo. Aliitaja yote kwa majina yake, kama mkulima ahesabuye majaruba yaliyopotea. Imani haifumbi macho. La pili, furaha yake haikukaa katika vitu vile, bali katika Mungu wa wokovu wake. Vitu vilipoondoka, mahali pa furaha yake hapakuondoka.

Mwalimu akiwafundisha watu sura hii, na awaulize: Kwetu vitu hivyo ni vipi? Watu wa mlimani watataja kahawa na migomba. Watu wa tambarare watataja mpunga na mahindi. Wengine watataja mshahara, ada ya shule, afya. Kila mtu avitaje kwa kinywa chake. Kisha nabii asomwe tena polepole.

IV. Waliotutangulia

Karibu na mji wa Leipzig huko Ujerumani uko mji mdogo uitwao Eilenburg. Mchungaji wa hapo alikuwa Martin Rinkart. Wakati wa Vita ya Miaka Thelathini (1618-1648) watu wengi walikimbilia ndani ya kuta za mji ule, na mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wenzake wakafa au wakaondoka, naye akabaki kuzika watu. Aliwazika zaidi ya elfu nne, na mke wake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Baada ya tauni ikaja njaa. Mtu huyo ndiye aliyetunga katika miaka ya vita ile wimbo wa shukrani unaoimbwa na Walutheri ulimwenguni kote hata leo. Tukiuimba siku ya mavuno, tukumbuke ya kwamba haukutungwa na mtu mwenye ghala lililojaa.

Kutoka Leipzig walikuja wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Majina ya wageni wawili yameandikwa katika vitabu vingi. Wachagga wale hutajwa kwa nadra, lakini Bwana awajua. Wala tusisahau ya kuwa baada ya mauaji hayo askari wa serikali ya Wajerumani walikwenda kulipiza kisasi, na watu wengi wa Meru na Arusha walipoteza maisha yao na ng'ombe zao. Machozi yalikuwa pande zote. Hata hivyo Injili ilirudi: mwaka 1902 kazi ilianzishwa Nkoaranga, na leo Wameru wenyewe wanayo dayosisi yao. Hatumshukuru Mungu kwa damu iliyomwagika Akeri. Twamshukuru kwa kuwa damu ile, ya upande huu na ya upande ule, haikuwa neno la mwisho.

Tena, baada ya vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa katika nchi. Sharika za Kilimanjaro zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Watu wengi wangeweza kusema ya kwamba kazi imekwisha. Walimu wale waliendelea kufundisha, kuzika, kufariji na kuwakusanya watu Jumapili. Msaada wa Walutheri wa Marekani ulikuja baadaye. Na vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani walizuiliwa tena, na mzigo ukawarudia wenyeji. Kanisa lililojifunza kusimama katika miaka hiyo ndilo lililoungana na mengine sita tarehe 19 Juni 1963, likawa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Dhiki ile haikuwa njema. Lakini Mungu hakukaa mbali nayo.

V. Usiku ule

Sasa twafika kwenye msingi wa somo letu. Kila mara tukila Chakula cha Bwana twasikia habari ya usiku ule aliosalitiwa Yesu. Alitwaa mkate. Akafanya nini kwanza? Alishukuru. Tulifikiri neno hili. Msaliti alikuwa mezani. Petro alikuwa karibu kumkana. Bustani ya Gethsemane ilikuwa mbele yake, na huko alikuwa atalia na kuomba kikombe kimwondokee. Msalaba ulikuwa umekwisha kukaribia. Hata hivyo, akiwa na mkate mkononi, mkate aliouita mwili wake utakaotolewa, alimshukuru Baba.

Hakushukuru kwa usaliti. Alishukuru kwa mkate, na kwa Baba aliyeutoa. Kisha akaumega, akawapa wengine. Basi hii ndiyo njia ya shukrani katika dhiki: kukitwaa kile kidogo kilichopo, kumwangalia Baba juu yake, na kukigawa. Mkristo hashukuru kwa nguvu yake mwenyewe. Moyo wake ukishindwa, Kristo aliyeshukuru usiku ule ashukuru kwa niaba yake, na usharika waimba mahali pake mpaka sauti yake irudi.

VI. Yatupasayo kutenda

Twarudi kwa mtu wetu wa Chekereni. Alete nini?

Ajilete mwenyewe. Mungu hataki aibu yake, wala hataki gunia la kuazima ili watu wamwone. Akiwa na kisahani cha mchele, akilete. Akiwa na mikono mitupu, aje nayo. Ataje hasara yake mbele za Bwana kama Habakuki, kisha ataje na lile moja ambalo halikuchukuliwa. Kama leo hawezi kulitaja hata moja, aketi tu kati ya ndugu zake. Hilo nalo ni sadaka.

Lakini mzigo mkubwa ni wa usharika. Wazee wa kanisa wasingoje mtu huyo aje. Kabla ya Jumapili ya mavuno wapite nyumba kwa nyumba, wajue ni nani aliyekosa na ni nani aliyefiwa. Wakristo wa Antiokia waliposikia habari ya njaa, waliazimu kupeleka msaada, kila mtu kadiri alivyoweza (Matendo 11:28-30). Sehemu ya mavuno yaliyoletwa yaweza kutengwa kabla ya mnada, ikaenda usiku bila tangazo nyumbani kwa mwenye haja. Tusimfundishe mtu kushukuru kwa maneno tunayoweza kumpa kwa mikono.

Na kwa aliyevuna sana tuna neno moja gumu. Bwana wetu amesema katika Mathayo 5:23-24 juu ya mtu aletaye sadaka madhabahuni, naye akumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka, aende akapatane kwanza. Kama wewe u juu ya mfereji, nawe usiku ulifungua maji ambayo hayakuwa ya zamu yako, na jaruba la ndugu yako likakauka, usilete gunia kwanza. Nenda kwake kwanza. Kukosa kwake mavuno si fumbo la Mungu lisilochunguzika. Ni tendo la mkono wako. Dhiki nyingine twapokea bila kujua sababu yake, na hapo twanyamaza mbele za Mungu. Dhiki nyingine twaisababisha sisi, na hapo yatupasa kutubu na kulipa. Ni hekima kutochanganya hizo mbili.

Maswali kwa walimu na vikundi vya Biblia

1. Ni maneno gani huambiwa watu wenye msiba katika mtaa wetu? Ni yapi yanayofariji, na ni yapi yanayoumiza?

2. Soma Zaburi ya 13 yote. Yaanzaje, nayo yaishiaje? Katikati yake nini kilichobadilika?

3. Kuna tofauti gani kati ya kushukuru kwa ajili ya dhiki na kushukuru katika dhiki?

4. Kwa nini Bwana Yesu alishukuru usiku ule aliosalitiwa?

5. Ni nani katika usharika wetu ambaye mwaka huu atakuja na mikono mitupu? Ni nani kati yetu atakayemtembelea kabla ya Jumapili?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno tu. Kikundi kisiachane mpaka mtu mmoja amekubali kwenda.

Na Mungu wa faraja yote, ambaye hutufariji katika dhiki zetu ili tuweze kuwafariji wengine, awe pamoja nanyi nyote, walio juu ya mfereji na walio chini yake. Amina.